Saa Nne na Dakika Tano

Harufu ilimpokea Inspekta getini, kabla hata mlinzi hajamuuliza anakwenda kwa nani. Mlinzi mwenyewe alikuwa amejifunga puani skafu ya mke wake, yenye maua ya waridi, akafungua geti bila kuondoa mkono mdomoni. Hospitali ilikuwa ya kulipia, ya vigae vinavyong'aa na maua ya plastiki. Juu ya mapokezi kulikuwa na ubao mkubwa unaoahidi usafi, huruma na heshima. Inspekta aliusoma ubao ule hadi mwisho, kisha akageuka akatema mate kwenye nyasi.

"Taratibu, afande," Sajini alisema nyuma yake. "Hata ndani hatujafika na wewe unatema. Ndiyo maana kituoni wanakuita Pua."

"Wananiita nikiwa sipo."

"Mimi mtu wako, siwezi kukusengenya kwa siri." Akacheka, akamnyooshea pipi ya mnanaa. Sajini alikuwa mnene na mcheshi, mtu wa kujuana na kila muuza duka na kila karani, na mfuko wake haukukosa pipi. Inspekta aliichukua pipi. Ilimsaidia kama hatua tatu hivi.

Jalada lilikuwa limefika mezani kwake jana jioni, likiwa karibu limeshafungwa. Mwanamke mwenye duka la vitambaa alikufa Alhamisi nyumbani kwake baada ya kutapika usiku kucha. Mume wake alitaka kuzika kesho yake. Dada wa marehemu alikataa, akaenda polisi, akasema dada yake hakufa kwa tumbo la kawaida na mwili upasuliwe. Daktari wa polisi akapangiwa Jumatatu. Jumamosi saa moja kamili jioni umeme ukakatika mtaa mzima, na haukurudi hadi Jumatatu alfajiri. Jenereta ya mochwari iliwashwa, halafu usiku uleule ikazimwa. Jumatatu mlango ulipofunguliwa, daktari wa polisi aliangalia mara moja tu, akavua glovu zake, akasema hapo hakuna tena cha kupima.

Mhudumu wa mochwari alikamatwa asubuhi ileile. Jioni alikuwa ameshakiri. Leo, Jumanne, saa nane mchana, angesomewa mashtaka mahakamani, na kwa maelezo yale angeenda jela miaka mingi bila mtu wa kumtetea. Jalada la kifo nalo lingefungwa pamoja naye: uzembe wa mlevi, basi, kila mtu aende nyumbani kwake.

"Nisomee tena alichosema," Inspekta aliagiza.

Sajini hakuhitaji karatasi. "Alizima jenereta saa nne na dakika tano usiku, ili akauze dizeli apate ya kulewea. Kaweka dole gumba chini."

"Mlevi anakumbuka hadi dakika tano?"

"Pombe nyingine zinafungua akili, afande."

Kwenye benchi nje ya mochwari alikaa mwanamke mrefu mwenye kanga mabegani, mgongo umenyooka. Huyo ndiye dada wa marehemu. Wote waliopita pale waliziba pua isipokuwa yeye.

"Wewe ndiyo mkubwa wao?" alimuuliza Inspekta bila salamu. "Yule mhudumu mliyemfunga hakuua mtu. Alikuwa anamfunika dada yangu shuka kila nikija, jina lake kaliandika kabatini kwa mkono wake mwenyewe, wala hakuniomba hata shilingi. Muulizeni meneja."

"Meneja ana nini?"

"Kwani hamjui?" Mwanamke alimwangalia kama anaangalia mtoto asiyejua kufunga kamba za viatu. "Meneja wa hapa na shemeji yangu ni mtu na mdogo wake. Tumbo moja."

Inspekta alimgeukia Sajini. Sajini alikuwa anamenya pipi nyingine.

"Hilo halimo kwenye jalada."

"Sikuona haja, afande. Kila mtu ana ndugu."

Ndani, Inspekta hakukaa muda mrefu. Makabati ya chuma yalikuwa sita, na kutoka la nne maji yalikuwa yameteremka hadi kwenye mfereji wa sakafuni, yakakaukia pale. Alijua harufu ya kifo; alishazoea kuvumilia na kupumua kwa mdomo. Kilichompandisha matapishi hadi kooni ni limau. Mtu fulani alikuwa amepuliza manukato ya limau chumba kizima, makopo kwa makopo, na makopo yenyewe yalikuwa yamepangwa dirishani. Badala ya kuwaosha wale watu, walikuwa wamewapulizia kama wanavyopuliza choo cha wageni.

Alitoka nje.

"Banda la jenereta liko wapi?"

"Huko nyuma," Sajini alisema. "Ila mimi humo sikuingia. Nilikuwa na mtuhumiwa wangu, maelezo yake yakatosha. Nikusubiri hapa kwenye hewa?"

"Nisubiri."

Banda lilijengwa kwenye kona ya ukuta wa nyuma, na karibu yake kulikuwa na mlango mdogo wa kutokea mtaani. Mlinzi wa skafu alileta ufunguo kutoka kwa meneja, akasimama mbali. Inspekta alianza na tangi. Alizungusha mfuniko, akachovya kijiti, akakitoa. Dizeli ilifika nusu. Mtu aliyezima jenereta ili auze dizeli, akasahau kuchukua dizeli. Alikichovya kijiti mara ya pili kwa sababu hakutaka kubahatisha, na jibu likawa lilelile.

Halafu aliinama mbele ya mita, dirisha dogo la kioo lenye namba zinazozunguka. Ilisoma 815.5. Juu kidogo, kwenye bati la mashine, mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: 812.0, na namba ya simu. Inspekta alipiga picha namba zote mbili, kisha akaipigia simu ile namba.

"Huo mwandiko ni wangu," fundi alijibu, nyundo zikisikika nyuma yake. "Nilimwaga oili Ijumaa, nikaandika mita iliposimama. Kwani imeharibika?"

"Haijaharibika. Ile namba ya mwisho, baada ya nukta, ni dakika?"

"Aa, wapi! Hilo linawachanganya wengi. Mita inagawa saa moja mafungu kumi. Fungu moja dakika sita. Wateja wananipigia simu, oh fundi, mashine imefanya kazi saa mbili na dakika tisa, kumbe imekaribia saa tatu kamili. Mimi huwa sibishani nao tena."

Inspekta alishukuru, akakata. Kutoka mia nane kumi na mbili hadi mia nane kumi na tano na nusu ni saa tatu na nusu. Umeme ulikatika saa moja kamili. Jenereta ilizimwa saa nne na nusu.

Alisimama kwenye harufu ya moshi ya lile banda akifikiria hiyo saa nne na dakika tano. Mtu anayekiri kwa hiari yake husema saa nne, au saa nne kasoro, au husema hajui. Huyu alitaja dakika, na dakika zenyewe hazikuwepo.

Alipoinua macho kutafuta hewa, aliona waya mweupe. Ulitoka kwenye swichi ya jenereta, ukapita kwenye tundu la paa, ukaruka ukuta na kuvuka barabara. Aliufuata kupitia mlango mdogo. Ng'ambo ulishuka kwenye nguzo ya kibanda kilichopakwa rangi ya buluu, ukaingia ndani kupitia dirishani.

Kilikuwa kibanda cha kinyozi. Kiti kimoja, kioo kimoja, mashine mbili, redio. Kinyozi alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye nywele alizojichorea mistari pembeni, na alikuwa anamnyoa mzee aliyesinzia.

"Karibu, anti. Wanawake pia tunanyoa."

"Jumamosi usiku ulikuwa kazini?"

"Jumamosi? Jumamosi nilifunga mapema. Umeme haukuwepo, ningenyoa na nini, meno?"

"Na huu waya?"

"Waya gani?"

Inspekta alisogeza kioo kidogo. Waya mweupe uliishia nyuma yake, kwenye soketi. Mzee alifungua jicho moja, akaangalia soketi, akalifumba.

"Ah," alisema kinyozi. "Huo."

"Kaka, mimi sikuja kwa ajili ya waya. Naweza kuja kwa ajili ya waya kesho, nikija na gari. Leo nataka kujua ulifunga saa ngapi."

Kinyozi alizima mashine. Alitoka mlangoni, akachungulia huku na huku, akarudi. "Sikufunga. Nilifungiwa. Nilikuwa na mteja hapo kwenye kiti, bwana harusi wa Jumapili, nimeshamaliza upande wa kushoto. Redioni mpira unaanza. Saa nne na nusu ulikuwa umepangwa kuanza, na ulianza saa nne na nusu, refa kapuliza filimbi, hata pasi ya kwanza sijaisikia, pu! Giza. Yule bwana anapiga kelele, mimi nachanganyikiwa, kichwa nusu kina nywele nusu hakina."

"Ukafanya nini?"

"Nikavuka kwenda kulalamika. Huwa napitia ule mlango mdogo, mhudumu wa mochwari ni mshikaji, ndiye huwa ananiwashia." Alishusha sauti. "Lakini usiku ule hakuwepo. Nilimkuta meneja mwenyewe anafunga kufuli la banda, simu kaiuma mdomoni imulike. Kwa shati la kulalia. Nikamwambia bosi, vipi, mbona umezima? Akaitoa simu mdomoni akaniambia, wewe mwizi wa umeme, ukifungua mdomo kuhusu usiku huu nakata huo waya na shingo yako."

"Na mhudumu?"

"Aliondoka kama saa tatu. Alipita hapa ananiaga. Amefurahi, eti meneja kampa mapumziko hadi Jumatatu, jenereta ataiangalia mwenyewe. Tukasema labda meneja kaota ndoto nzuri." Alikuna mistari ya nywele zake. "Nimesikia wamemkamata. Anti, mimi nina watoto wawili na huu waya. Nilinyamaza. Sijalala vizuri tangu jana, nakwambia ukweli."

"Utayasema haya mbele ya hakimu?"

Kinyozi alimwangalia mzee aliyesinzia kana kwamba yeye ndiye angejibu. "Si nishasema kwako? Nimeshaharibu. Nitasema."

"Bwana harusi ilikuwaje?"

"Alioa na kofia, anti. Picha zote kavaa kofia."

Inspekta angecheka siku nyingine. Alirudi hospitalini akipitia mlango wa mbele, akamkuta Sajini kivulini anazungumza na wauguzi, wote wanacheka.

"Umepata kitu, afande?"

"Dizeli imejaa nusu."

"Basi alikusudia kurudi kuichukua," Sajini alijibu harakaharaka. "Walevi hawana mpangilio."

"Nakwenda kwa meneja. Nenda kaninunulie maji."

Ofisi ya meneja ilikuwa na baridi. Kiyoyozi kilivuma juu ya dirisha, na baridi ilikuwa ya kutosha kuhifadhi nyama. Inspekta alisimama katikati ya zulia akaisikia ile baridi mikononi, akamfikiria mwanamke wa kabati la nne, na chuki ikampanda mpaka masikioni. Meneja alikuwa mtu wa umri wa kati, msafi kupita kiasi, kucha zimesuguliwa. Naye alinukia limau.

"Pole na kazi, Inspekta. Ni aibu kubwa kwa taasisi yetu. Tulimwonea huruma yule mlevi tukamwajiri, haya ndiyo malipo."

"Jumamosi usiku ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nililala mapema."

"Marehemu alikuwa nani kwako?"

Kalamu ya meneja ilisimama hewani. "Mke wa kaka."

"Hukuona vyema kutuambia."

"Hamkuuliza."

Inspekta aliweka simu mezani, picha ya mita ikiwa wazi. "Jenereta ilifanya kazi muda gani?"

Alimtazama usoni. Alikuwa amekuja na dhana yake imekamilika: meneja aliisoma mita vibaya, akaunda ile saa nne na dakika tano, akaipandikiza. Lakini meneja aliitupia jicho picha akajibu bila kufikiri.

"Nukta tano ni nusu. Saa tatu na nusu. Kwa hiyo aliizima saa nne na nusu. Mimi nimesoma uhasibu, Inspekta, hizi desimali ndiyo maisha yangu."

Hakuwa amekosea, na hakuonekana kugundua kwamba amepingana na maelezo ya mhudumu. Inspekta aliivuta simu taratibu. Dhana yake ilikuwa imebomoka kwa sekunde mbili.

"Unajua kwamba polisi tunayo saa nyingine? Mhudumu amekiri saa nne na dakika tano."

"Hiyo basi ni hesabu zenu wenyewe." Meneja alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayesahihisha daftari la mwanafunzi. "Mimi mita nilimwonyesha Sajini wako Jumatatu asubuhi. Alisimama mbele yake na tochi, kaisoma mwenyewe. Kama kakosea kujumlisha, usinilaumu."

"Sajini aliingia bandani?"

"Tuliingia wote. Kwani hakukwambia?"

Inspekta alichukua kiti, akakaa kwa mara ya kwanza. "Kinyozi wa ng'ambo alikuona Jumamosi saa nne na nusu ukifunga banda. Ulikuwa na shati la kulalia na simu mdomoni."

Rangi ilimtoka meneja polepole, kuanzia midomo. Alifungua droo, akaifunga. "Mwizi wa umeme yule. Neno lake na langu, hakimu atachukua lipi?"

"Tutaona. Kaka yako alimpa nini mke wake Alhamisi?"

"Sijui. Kweli sijui! Sikutaka kujua. Kaka aliniomba kitu kimoja tu, nami ni kaka yangu, kanisomesha, kanilipia kila kitu. Ningemwambiaje hapana?" Alisogea mbele, akashusha sauti kama wanaoelewana. "Na hebu tuwe wakweli, Inspekta. Maiti ni maiti. Kapoa au kaoza, yeye anaumia nini? Sisi hapa tulio hai ndio wa kuhurumiana."

Inspekta aliinuka haraka kuliko alivyokusudia, kiti kikaanguka nyuma yake. Alifungua mlango, akamwita askari wa doria aliyekuwa mapokezi, akamwambia akae na huyu bwana, asimwache apige simu wala aende chooni peke yake. Kisha akaenda bombani akanawa mikono hadi viwikoni, ingawa hakuwa amegusa kitu.

Ilikuwa saa saba na dakika kumi walipoingia garini. Sajini aliendesha. Alisimulia habari za muuguzi mmoja aliyekataa posa, na Inspekta akamwacha asimulie. Neno la meneja peke yake halikutosha. Mtu aliyemfanyia shemeji yake yale angeweza kumuuza askari yeyote ili yeye apone. Alitaka jambo litoke kwa Sajini mwenyewe, kwa mdomo wake, bila kulazimishwa. Miaka saba walikuwa wamekula meza moja, na alikuwa akiomba moyoni asilipate.

Kituoni, kwenye korido ya kuelekea selo, alisimama.

"Nisaidie kitu kabla hatujampakia mtu wako. Mimi na hizi mashine hatuelewani." Akampa simu. "Fundi aliandika mia nane kumi na mbili. Sasa inasoma hivyo. Jenereta ilifanya kazi muda gani?"

Sajini aliisogeza simu mbali na macho, kama watu wa umri wake wanavyofanya. Alifurahi kuombwa. "Rahisi, afande. Toa mia nane kumi na mbili, inabaki tatu nukta tano. Saa tatu na dakika tano."

"Umeme ulikatika saa moja."

"Saa moja, mbili, tatu, nne. Saa nne na dakika tano. Si unaona? Inalingana kabisa na maelezo yake." Akamrudishia simu kwa fahari.

"Hailingani na kitu chochote," Inspekta alisema. "Hiyo tano ni mafungu ya saa, siyo dakika. Tano katika kumi ni nusu. Jenereta ilizimwa saa nne na nusu. Meneja anajua. Fundi anajua. Kinyozi alisikia kwa masikio yake. Hakuna binadamu aliyeona jenereta ile ikizimwa saa nne na dakika tano, Sajini, kwa sababu saa hiyo ilikuwa inanguruma. Saa hiyo imetoka kwenye kichwa cha mtu mmoja tu aliyesoma mita vibaya. Na mtuhumiwa wako ameikiri."

Pipi iliacha kuzunguka mdomoni mwa Sajini.

"Uliniambia hukuingia bandani."

"Afande..."

"Ulimwambia aseme, akasema. Na mwanzo alipokataa ulifanya nini?"

"Ni tofauti ya dakika ishirini na tano tu, afande. Dakika ishirini na tano ni kitu gani?" Aliangalia nyuma, korido ilikuwa tupu. Sauti yake ikawa ya kubembeleza, ileile aliyokuwa akiitumia kwa wauza duka. "Tuongee kama watu wazima. Meneja ni mtu wetu, ametutibia watoto wangapi hapa kituoni? Na yule ni nani? Mlevi. Hana mke, hana mtoto, analala na maiti. Nani angekuja kumuulizia?"

Inspekta alimtazama yule mtu mnene mwenye mfuko wa pipi. Alikuwa akisubiri hasira, lakini kilichokuja kilikuwa kinyaa kitupu, cha kukuta kitu kwenye chakula ulichokwisha kumeza.

"Toa funguo," alisema.

Askari wa kaunta alikuja aliposikia kishindo cha kufuli. Inspekta alimwamuru aandike kwamba safari ya mahakamani imefutwa, na amwite mkuu wa kituo sasa hivi. Kisha akamgeukia Sajini.

"Vua mkanda. Na viatu."

"Afande, mbele ya watu?"

"Vua."

Alivua, akihema, akiinama kwa shida juu ya tumbo lake. Alibaki na soksi, mkono mmoja umeshikilia suruali isishuke.

Ndani ya selo mhudumu wa mochwari alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Alikuwa mwembamba, wa miaka arobaini na kitu. Mikono yake ilikuwa mapajani, viganja vimegeuzwa juu, na vidole vilikuwa vimevimba hadi havikunjiki. Ndipo Inspekta alipoelewa kwa nini maelezo yale yalikuwa na dole gumba, wakati mtu huyu alijua kuandika.

"Kaka," Inspekta alisema, "inuka. Yamekwisha. Utoke, nikupeleke kwa daktari, halafu nyumbani."

Yule mtu aliinuka kwa kutumia viwiko. Alifika mlangoni, akamwona Sajini amesimama pale na soksi zake. Akasimama palepale. Kichwa kilishuka, mikono iliyovimba ikaenda yenyewe nyuma ya mgongo.

"Toka, kaka," Inspekta alirudia. "Mimi ndiye ninayekwambia."

Mhudumu hakumtazama hata kidogo. Alikuwa anaitazama sakafu mbele ya soksi za Sajini.

"Nitoke, afande?" alimuuliza Sajini.

Askari wa kaunta aligeuza uso. Inspekta alitaka kumshika yule mtu mkono amvute nje, akakumbuka vidole, akabaki ameunyoosha mkono wake hewani.

"Afande, samahani," mhudumu alirudia. "Nitoke?"

Sajini aliipandisha suruali yake.

"Toka," alisema, na ndipo yule mtu akatoka.